Studio iliyozaliwa kambini: Rusizi ina nini cha kujifunza kutoka Junub Games?

Vijana wa Kamembe, mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, hucheza michezo ya video kwenye simu zao kama wenzao wa Bukavu walio ng'ambo ya mto, au wa Bujumbura upande wa kusini. Hucheza soka, mbio za magari na michezo ya kufyatua risasi. Michezo hiyo karibu yote imetengenezwa mbali: Japani, Marekani, China, Ulaya. Lugha zake ni za mbali, miji inayoonekana ndani yake ni ya mbali, na hata vita vinavyopiganwa humo ni vya watu wengine.

Swali la nani anatengeneza michezo hiyo si la burudani pekee. Linahusu ajira, lugha, na haki ya watu kusimulia wenyewe yaliyowapata. Katika Afrika Mashariki, studio moja huru imelijibu swali hilo kwa namna isiyo ya kawaida. Jina lake ni Junub Games. Mwanzilishi wake, Lual Mayen, alilelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Kwa eneo la mpakani kama Rusizi, ambalo kwa miongo kadhaa limekuwa likiwapokea watu wanaokimbia machafuko ya nchi jirani, historia ya studio hiyo ina mafunzo ya kutia moyo na mengine ya kutahadharisha.

Dola 300 kwa miaka mitatu

Mayen alizaliwa njiani, familia yake ilipokuwa ikikimbia vita vya Sudan, miaka mingi kabla Sudan Kusini haijapata uhuru mwaka 2011. Safari hiyo iliishia Uganda, na kambi ikawa makazi yake kwa takriban miaka 22.

Mwaka 2007 aliona kompyuta kwa mara ya kwanza, pale wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa. Alimwambia mama yake kwamba anataka kuwa nayo. Katika mazingira ambamo chakula hupimwa kwa mgao, ombi hilo lingeweza kuonekana kama njozi ya mtoto. Mama yake hakulipuuza. Alishona nguo, akaweka akiba kidogo kidogo, na baada ya miaka mitatu alikuwa amekusanya dola 300 za Marekani, akamnunulia mwanawe kompyuta ya mkononi.

Hesabu ya fedha hizo inaeleza mengi. Dola 300 kwa miaka mitatu ni wastani wa senti 27 kwa siku. Katika miji mikubwa ya dunia, kiasi hicho hakitoshi hata kununua chupa ya maji. Kambini, ni senti zilizoondolewa kwenye sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa Junub Games haukutoka kwa mwekezaji wala benki. Ulitoka kwenye cherehani.

Kompyuta ilipopatikana, umeme haukuwapo. Mayen alilazimika kutembea kwa saa tatu hadi kwenye mkahawa wa intaneti ili kuichaji, kisha kurudi kwa saa tatu nyingine. Masomo ya kuandika programu na kuchora aliyapata kwa kuletewa faili kwenye flashi, akajifunza mwenyewe. Ndani ya kompyuta hiyo aliukuta pia mchezo maarufu wa Grand Theft Auto: Vice City, ambao mchezaji wake husonga mbele kwa uhalifu na mabavu. Kijana aliyekulia katika matokeo ya vita halisi alijiuliza iwapo ufundi uleule hauwezi kutumika kujenga mchezo ambao lengo lake ni amani.

Mchezo ulioenea bila intaneti

Mwaka 2016 Mayen alikamilisha mchezo wake wa kwanza wa simu, akauita Salaam, neno la Kiarabu lenye maana ya amani ambalo msemaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Katika toleo hilo mchezaji hakupata alama kwa kuua. Alitakiwa kuilinda jamii dhidi ya mabomu.

Namna mchezo huo ulivyosambaa inastahili kuzingatiwa. Kambini hakukuwa na intaneti ya uhakika, na watu wachache tu ndio wangeweza kununua bando kwa ajili ya kupakua mchezo. Salaam ulihama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, kama zinavyohama nyimbo, mawaidha na video za arusi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Baadaye Mayen aliutangaza kwenye Facebook, na kutoka hapo wabunifu wa michezo wa nchi nyingine wakaanza kumfahamu.

Kwa mtazamo wa kibiashara, njia hiyo ina kasoro moja kubwa: haileti hata shilingi. Lakini ilithibitisha kwamba hadhira ipo, na kwamba kinachokosekana ni barabara ya kuunganisha mtengenezaji na mnunuzi. Ndilo tatizo linalozikabili studio nyingi za bara hili hadi leo.

Kutoka Uganda hadi Washington

Mwaka 2017 Mayen alihamia Marekani na kuweka makao mjini Washington, ambako aliijenga Junub Games kama kampuni. Junub ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusini, ishara ya nchi ambayo wazazi wake waliikimbia. Mwezi Desemba 2018, katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, alitunukiwa heshima ya Raia wa Dunia wa Michezo ya Video, inayotolewa kwa wanaotumia michezo kuinufaisha jamii.

Huko Marekani, Salaam ulibuniwa upya. Katika toleo jipya mchezaji ni mkimbizi anayetoroka mashambulizi na kuhitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi. Nguvu zake zikipungua, mchezaji hununua mahitaji hayo kwa fedha halisi, na mpango ulikuwa kwamba fedha hizo, kupitia mashirika ya misaada, ziwafikie wakimbizi halisi walioko kambini. Mayen alibuni pia mchezo wa ubaoni uitwao Wahda, yaani umoja, wenye lengo la kuwakutanisha watu wa jamii zilizopigana. Mchezo wa ubaoni hauhitaji chaji, na kwa mtu aliyewahi kutembea saa tatu kutafuta umeme, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, sura hii ya mafanikio ina upande wa pili. Studio iliyozaliwa Uganda ilipata wadhifa wa kampuni, washirika na tuzo baada ya mwanzilishi wake kuondoka Afrika. Ni vigumu kumlaumu kijana aliyefuata mlango uliofunguka. Lakini wapangaji wa sera wa Afrika Mashariki wana sababu ya kujiuliza kwa nini mlango huo haukufunguka Kampala, Nairobi au Kigali. Uganda inahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni moja na nusu, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote barani Afrika. Iwapo kipaji kimoja kati ya hao kiliweza kujitokeza kwa cherehani ya mama na flashi ya rafiki, ni vingapi vilivyobaki njiani kwa kukosa hata hivyo viwili?

Waliobaki nyumbani

Junub Games si studio ya kwanza ya ukanda huu, wala njia yake si ya pekee. Mwaka 2007, mwaka uleule Mayen alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, unaotajwa miongoni mwa michezo ya kwanza ya pande tatu kutengenezwa nchini Kenya. Mwaka 2009 Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti Arts, studio yenye mizizi Accra na Nairobi, iliyojikita katika hadithi za mashujaa wa Kiafrika. Mwaka 2015 studio ya Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, mchezo ambao viumbe kutoka anga za mbali huuvamia mji mkuu wa nchi hiyo. Wachezaji waliozoea kuitetea New York walipata fursa ya kuitetea Nairobi.

Mfano unaofaa zaidi kulinganishwa na Junub Games unatoka Afrika ya Kati. Nchini Cameroon, Olivier Madiba alianza kuota mchezo wake tangu mwaka 2003, na mwaka 2013 akaanzisha rasmi Kiro'o Games mjini Yaoundé. Alipokosa benki ya kumwamini, aliwauzia hisa watu wa kawaida, kisha mwaka 2015 akachangisha fedha kwa umma kupitia mtandao. Aprili 2016 studio hiyo ilitoa Aurion, mchezo wa kompyuta uliojengwa juu ya mila na simulizi za Kiafrika, na makao yake yakabaki Yaoundé.

Tofauti ya njia hizo mbili ni ya msingi. Junub Games ilifuata fedha ziliko. Kiro'o Games ilizileta fedha mahali ilipo, kwa gharama ya miaka mingi ya subira. Njia ya kwanza ina kasi, lakini ujuzi na kodi vinabaki ugenini. Njia ya pili inajenga mafundi nyumbani, lakini inamtaka mwanzilishi avumilie umeme wa kukatika, mashaka ya jamaa na ukosefu wa wanunuzi wa karibu.

Je, mateso ya mkimbizi yanaweza kuwa mchezo?

Kuna swali jingine ambalo wachambuzi hawawezi kulikwepa, nalo ni la kimaadili. Kwa wazazi wengi, neno mchezo linaashiria mzaha. Kumwambia mtu aliyevuka mto usiku na watoto mgongoni kwamba safari yake imefanywa mchezo wa simu kunaweza kusikika kama dhihaka.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba jambo hili hutegemea utekelezaji. Mwaka 2014 studio huru ya 11 bit ya Poland ilitoa This War of Mine, mchezo uliochota mengi kutoka kuzingirwa kwa mji wa Sarajevo katika miaka ya 1990. Mchezaji si askari. Ni raia anayetafuta chakula na dawa ndani ya mji uliozingirwa, na kila uamuzi wake una gharama. Mwaka 2015 studio hiyo iliuza nyongeza ya mchezo ili kulichangia shirika la War Child linalowasaidia watoto wa maeneo ya vita. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuweka mchezo huo katika orodha ya vitu vinavyopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari, pamoja na vitabu.

Hoja ya Mayen ina nguvu zaidi kwa sababu moja: anayesimulia ndiye aliyeishi simulizi hiyo. Hadithi za wakimbizi wa Afrika zimesimuliwa mara nyingi na wageni waliokaa kambini kwa wiki mbili, na mkimbizi ndani yake huwa ni uso uliokonda unaongoja kuhurumiwa. Katika Salaam mkimbizi ni mtu anayefikiri, anayechagua na kutenda.

Lakini wazo la kuunganisha ununuzi ndani ya mchezo na msaada wa kibinadamu linabeba hatari yake. Mchezo unaonunuliwa kwa huruma hudumu kadiri huruma inavyodumu, na huruma ya dunia huhama kila vita vipya vinapozuka. Studio inayotaka kuishi miaka 20 inahitaji mchezaji anayerudi kwa sababu mchezo ni mzuri. Aurion na This War of Mine zilipata wachezaji wake sokoni, zikishindana na michezo mingine yote. Hapo ndipo kila studio ya Afrika Mashariki, yenye historia ya kuvutia au isiyokuwa nayo, itakapopimwa mwishowe.

Fedha za mchezaji zinapitia wapi?

Kikwazo cha soko kina sura mbili. Ya kwanza ni maduka ya programu yenyewe. Kwa muda mrefu baadhi ya nchi za ukanda huu hazikuwamo kabisa katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la programu la Apple. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliongezwa mwaka 2020. Maduka ya Apple na Google yalikuwa yakikata asilimia 30 ya mauzo, na tangu mwaka 2021 yamepunguza makato hadi asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka. Kwa studio ya watu watatu, tofauti hiyo yaweza kuwa mshahara wa mmoja wao.

Sura ya pili ni malipo. Maduka ya kimataifa yalijengwa kwa ajili ya mtu mwenye kadi ya benki, ilhali mnunuzi wa Kamembe au Bukavu anaweka fedha zake kwenye simu. Kampuni ya Carry1st, yenye makao Cape Town, ilianzishwa mwaka 2018 ikilenga pengo hilo: kusambaza michezo barani Afrika na kuwawezesha wachezaji kulipa kwa njia wanazozitumia kila siku. Mwezi Januari 2022 ilipata uwekezaji wa dola milioni 20 ulioongozwa na Andreessen Horowitz, mojawapo ya kampuni kubwa za mitaji za Marekani. Wawekezaji wa kiwango hicho hawatoi sadaka. Wameona kwamba vijana wa Afrika wanacheza, na kwamba watalipa iwapo njia ya kulipa itakuwapo.

Rusizi imesimama wapi?

Ukilinganisha na kambi alikokulia Mayen, Rusizi ina mengi mkononi. Mto unaoipa wilaya jina lake unazalisha umeme kwa ajili ya nchi tatu, Rwanda, Kongo na Burundi, kupitia kituo cha Ruzizi II kilichoanza kazi mwaka 1989. Rwanda ilianza kujenga mtandao wa 4G mwaka 2014. Tangu mwaka 2008, mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto umegawa kompyuta zaidi ya 200,000 katika shule za msingi nchini. Mwaka 2019 shule maalumu ya kufundisha uandishi wa programu, Rwanda Coding Academy, ilifunguliwa wilayani Nyabihu, katika Jimbo hilihili la Magharibi.

Hata hivyo, vifaa peke yake havizalishi studio. Mayen alipata kompyuta moja na masomo ya flashi, lakini alikuwa na kitu cha kusimulia na watu wa kumchezea. Mtoto aliyepewa kompyuta shuleni bila mwalimu anayejua kumwonyesha namna mchezo unavyoandikwa atabaki mtumiaji. Vituo vya ubunifu, kikiwamo kLab kilichoanzishwa mwaka 2012, vimejikusanya Kigali, na kutoka Kamembe hadi huko ni safari ya saa nyingi kupitia msitu wa Nyungwe. Rusizi ni mmoja wa miji sita iliyoteuliwa kuwa nguzo za maendeleo nje ya mji mkuu. Uteuzi huo utakuwa na maana kwa kijana wa Kamembe siku atakapoweza kujifunza ufundi huu bila kupanda basi la Kigali.

Kuna rasilimali moja ambayo Rusizi inayo kuliko wilaya nyingi za Rwanda, nayo ni Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kamembe na Bugarama wameitumia lugha hii kwa vizazi katika shughuli zao na Wakongo na Warundi, muda mrefu kabla Bunge la Rwanda halijaipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mara nyingine wasemaji wake wamehesabiwa kama kundi dogo lenye lugha ya sokoni. Kwa mtengenezaji wa michezo, hesabu ni tofauti kabisa. Mchezo unaozungumza Kiswahili unavuka daraja la Rusizi bila kutafsiriwa, unafika Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na kuendelea hadi Mombasa. Umoja wa Mataifa unakadiria wasemaji wa lugha hii kuwa zaidi ya milioni 200.

Kazi inayohitajika humo si ya waandishi wa programu peke yao. Mchezo unahitaji mwandishi wa mazungumzo anayejua kwamba mwanamke wa Bukavu na mvuvi wa Kigoma hawasemi Kiswahili kimoja. Unahitaji wasomaji wenye sauti nzuri, wachoraji wanaoijua rangi ya ziwa Kivu asubuhi, na wanamuziki. Kijana ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu anaweza kuwa na ujuzi ambao studio ya Tokyo haiwezi kuununua.

Historia ya Junub Games haipaswi kusomwa kama ushahidi kwamba shida huzaa ubunifu. Kwa kila Mayen, wapo wengi ambao shida iliwanyamazisha. Inachothibitisha ni kwamba gharama ya kuanza ilikuwa ndogo mno, dola 300, na kwamba kilichokuwa adimu ni umeme wa karibu, mwalimu, na mnunuzi anayeweza kulipa. Vyote vitatu ni mambo ambayo halmashauri ya wilaya, shule na serikali zina uwezo wa kuyashughulikia. Visipopatikana Kamembe, kipaji cha Kamembe kitafanya kile kilichofanywa na kipaji cha kambini Uganda: kitafuata mahali vilipo, na michezo yake itarudi Rusizi kama bidhaa ya kigeni.